Eti Manyanyaso Kazini Yanakomaza?

Wadau, huku chuo msimu wa tafiti umeanza, na kuna mada naona inapendwa mno: "madhara na faida za mambo mabaya kazini". Madhara sina tabu nayo. Hiyo "faida" ndiyo inanikera kwa jinsi inavyotafutwa.

Mtafiti anafika ofisini, anamwachia bosi madodoso, bosi anawagawia walio chini yake. Swali: je, magumu ya kazi yalikukomaza? Jamani, nani ataandika hapana wakati karatasi inarudi kwa bosi yule yule? Na aliyeshindwa akaacha kazi hayupo pale. Yuko nyumbani, huenda kwetu Isingiro, anapalilia migomba. Ukihesabu waliobaki tu, lazima upate kwamba mateso yanajenga!

Chukueni mfano wa huko huko Isingiro, wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Shamba la kahawa nalo ni mahali pa kazi. Mkulima akibanwa na ada au ugonjwa anauza kahawa ingali changa mtini, kwa bei ya kutupa. Ndiyo butura. Je, inamfundisha? Ndio, akipata mkopo wa riba nafuu wa kumvusha mpaka mavuno. Asipopata, akili anayo, lakini mwakani anauza tena maua. Mvumilivu hula mbivu, sawa, ila aliyeuza butura mbivu zake anakula mwingine.

Maumivu ni yale yale, tofauti ni kama kuna wa kukushika mkono. Hata Uingereza, utafiti wa Whitehall II ulioanza 1985 kwa watumishi wa serikali 10,308 wa London ulikuta kwamba wasio na usemi juu ya kazi yao ndio waliougua zaidi moyo. Hapo nani kakomaa?

Mimi nikiwa field, ofisi moja nisiyoitaja, nilifokewa mbele ya wateja karibu kila siku. Kazi nilifundishwa na mama mmoja wa masijala, taratibu, saa ya chai. Halafu sifa apewe bosi? Haiwezekani!

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoingia field: dodoso lisipite mikononi mwa bosi. Wafuateni walioacha kazi hadi vijijini. Na anayesema amekomaa, mwulizeni nani alimsaidia. Bila hivyo mnawaandalia wanyanyasaji cheti chenye mhuri wa chuo.

Nawakilisha.