Watoto wa 2019 wamefika sekondari

Mnakumbuka Septemba 2019? Leta ilisema shule zake za msingi hazilipishwi tena, sawasawa na kifungu cha 43 cha Katiba, na sisi huku pembeni ya Lubumbashi tukapanga mistari tangu alfajiri, mmoja mgongoni, wawili mkononi. Hata watoto wa miaka tisa waliokuwa wakiuza karanga nasi sokoni waliingia la kwanza. Madarasa yalijaa mpaka dirishani.

Haya, tuhesabu pamoja. Walioanza la kwanza mwaka ule walimaliza la sita 2025. Septemba wakaingia la saba, kwenye shule kubwa ya sekondari. Pale mlangoni masomo ya bure yakaishia.

Shule yenyewe mnaijua: ukuta mrefu, uwanja wa vumbi, kundi moja asubuhi, lingine nyuma ya saa sita. Banki ya wawili wanakaa wanne. Mwalimu akimaliza kuita majina, nusu ya saa imekwenda, na hatumlaumu yeye. Kundi la pili linatoka jua likizama, na wasichana wetu wanavuka barabara ya malori gizani. Kwa hilo tumeanza zamu: wamama wawili kila jioni kwenye kona ya barabara, na tochi. Tunaomba wengine waandike majina.

Linalotuuma zaidi ni hili. Mwenzetu mmoja, muuza makala, ana watoto wawili la saba. Walianza la kwanza siku moja, dada akiwa na miaka tisa kwa sababu alichelewa, kaka akiwa na sita. Mwezi wa mitihani franga zilitosha mmoja. Dada akabaki nyumbani, na ndiye mwenye buletini nzuri. Tulipomuuliza mama yake, alijibu kwamba msichana wa miaka kumi na tano tayari anajua kupima makala. Hatukumcheka. Wengi wetu tumekwisha kufanya hesabu hiyo, tena bila kuulizwa na mtu.

Tulikwenda naye kwa prefe, watu watano, bila makelele. Prefe alikubali malipo kwa vipande vitatu na akatia mkono kwenye karatasi. Msichana amerudi darasani. Kumbe ilitosha kuomba, lakini mama peke yake alikuwa akiishia kwa mlinzi wa mlango.

Kisha tukaenda kwenye komite ya wazazi. Wote waliokaa mbele walikuwa wababa, na mmoja alituuliza kama tumeleta chakula. Tukajibu kwamba tumeleta maswali. Malipo ya sekondari yanapangwa kwa agizo la gavana wa jimbo. Basi tuliomba agizo hilo libandikwe ukutani, ili kila mama aone kipi kimo na kipi kimeongezwa njiani. Walisema watatujibu kwenye mkutano ujao.

Mkutano huo ni siku ya posho, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Tutakutana kwanza chini ya mwembe wa mlangoni. Kila mmoja aje na karatasi zake zote za malipo, hata zile zilizolowa mvua, na kama hukupewa karatasi, njoo vilevile utuambie ulilipa ngapi.