Beki Tatu wa Iringa: Wadau wa Filamu, Hamjachoka?

Wadau, leo naomba mnivumilie, nina hasira kidogo.

Kuna mtu mmoja kwenye filamu na vichekesho vya Bongo ambaye kila mmoja wetu anamjua. Anashuka kwenye basi Dar es Salaam na mfuko wa rambo mkononi, anashangaa magorofa, anaongea kwa lafudhi ya kuvutavuta, na kabla hajamaliza sentensi ya pili watazamaji wameshavunjika mbavu. Anatoka wapi? Iringa, bila shaka! Kazi yake? Beki tatu. Ataunguza mboga, atasikiliza mlangoni, na mwandishi akiishiwa kabisa, atamchukua baba mwenye nyumba. Filamu inaisha hujui hata baba yake mzazi anaitwa nani.

Mimi ni mtu wa Tosamaganga, na huyo dada ni mtu wa kwetu. Kwa hiyo hili jambo linanihusu.

Kilichonipandisha mori ni filamu mbili nilizoziangalia karibuni, zote zinahusu wasichana wa kazi. Ya kwanza ni ya zamani kuliko wengi wetu: La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Binti anaitwa Diouana. Alikuwa akilea watoto wa Wafaransa pale Dakar, wakamchukua kwenda nao Antibes, Ufaransa. Kufika kule kazi ya kulea watoto ikageuka kupika, kufagia na kufua. Hatoki nje, haoni mji, anaona jiko na bafu tu. Wageni wakija mezani wanamzungumzia kama vile hayupo.

Sasa sikilizeni Sembène alifanya nini. Diouana hasemi sana mbele ya mabosi wake, lakini sisi watazamaji tunayasikia mawazo yake. Tunajua anachotamani, anachokidharau, anachomkumbuka nacho mpenzi wake. Yule anayeonekana bubu ndiye anayetusimulia filamu nzima. Mwisho wake sitausema, katafuteni wenyewe. Filamu yenyewe ni kama saa moja tu, nyeusi na nyeupe, waigizaji wachache, sehemu kubwa inachezwa ndani ya fleti moja. Halafu mtu ananiambia tatizo la Bongo ni bajeti!

Ya pili ni Roma ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2018. Hii ni Mexico City mwanzoni mwa miaka ya 1970. Cleo anafanya kazi kwenye nyumba ya watu wenye nafasi yao. Yeye na mwenzake wa jikoni wakiwa wawili wanaongea Kimixteki, lugha ya kwao. Hebu fikirieni hapo. Lugha ya msichana wa kazi imewekwa ndani ya filamu kubwa na hakuna anayecheka. Ni lugha ya siri zao, ya utani wao, ya uchovu wao. Cuarón alimtungia hadithi hii mlezi aliyemlea yeye mwenyewe utotoni. Yalitza Aparicio, aliyeigiza kama Cleo, alikuwa hajawahi kuigiza kabla ya hapo, na akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Filamu ikaondoka na Oscar tatu mwaka 2019.

Msiniambie basi kwamba kwetu haiwezekani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021. Mle ndani watu wa Unguja wanaongea Kiswahili chao bila kuomba radhi, na sisi tukakaa tukasikiliza, tukasema lugha tamu hiyo. Sawa kabisa. Sasa kwa nini lafudhi ya Mzanzibari iwe ushairi na lafudhi ya Mhehe iwe kichekesho? Nani aligawa hizo nafasi?

Na tusidanganyane kwamba Wahehe hawana heshima kwenye picha. Wanayo, ila kwa mtu mmoja tu. Akitajwa Mkwawa kila mtu anasimama wima: Lugalo 1891, Zelewski kauawa, Mjerumani kakimbizwa. Vizuri. Kutoka hapa Tosamaganga hadi Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu lililorudishwa mwaka 1954, ni mwendo mfupi. Lakini Mkwawa alikufa 1898. Baada yake, kwa mujibu wa filamu zetu, Mhehe hajafanya jambo lolote zaidi ya kuosha vyombo Sinza. Ama uwe shujaa aliyekufa, ama uwe beki tatu. Katikati hakuna mtu.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Ni komedi tu bwana, acha kukunja uso." Haya, tuongelee komedi. Marehemu King Majuto, aliyetutoka mwaka 2018, alituchekesha miaka na miaka, na aliyekuwa anachekwa mara nyingi ni yule mzee aliyemwigiza yeye mwenyewe. Huo ni ufundi. Kumcheka msichana mdogo aliyeacha kwao kwa sababu ada imekosekana, hapo sioni ufundi wowote.

La pili: "Lakini ndivyo ilivyo, mabinti wa kazi wengi si wanatoka huko?" Ndiyo, mabinti wanaondoka huku, na sitakuwa mnafiki wa kukanusha. Wala sitajibu kama wenzangu wengine wanavyojibu, kwamba mbona Iringa tuna madaktari, walimu na mapadri. Hilo jibu silipendi hata kidogo, maana linakubali kwamba kuwa msichana wa kazi ni aibu, ila tunaomba tu aibu hiyo wapewe wengine. Hapana! Mwacheni huyo dada abaki dada wa kazi, na atoke Iringa. Lakini mpeni jina. Tuambieni analipwa shilingi ngapi na nani anamshikia hiyo hela. Tuonyesheni analala wapi, anampigia nani simu usiku, anamwambia nini mama yake na anamficha nini. Akiwa peke yake jikoni, mwacheni aongee Kihehe.

Halafu hebu fikirini kama waandishi. Ndani ya nyumba ile nani anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho? Nani anajua baba karudi saa ngapi, mama kakopa wapi, mtoto kwa nini analia? Huyo ndiye mwenye hadithi! Nyie mnamwacha jikoni, mnakwenda kupiga picha sebuleni kwenye sofa mpya, halafu mnalalamika kwamba watu wanakimbilia tamthilia za Kikorea.

Kwa Kihehe Tosamaganga maana yake ni kutupa mawe. Mimi langu nimeshatupa. Mwongozaji atakayeumia, asinijibu kwa maneno, atuletee filamu.