Tukikwama Kisiwani, Hatugeuki Wanyama

Wacha niseme kitu ambacho wapenzi wa vitabu watanikasirikia: nimechoka na Lord of the Flies. Kila mtu akitaka kuonekana anamwelewa binadamu, anakuletea hiyo riwaya ya William Golding ya 1954. Wavulana Waingereza, wengi hawajuani, ndege inawaangusha kwenye kisiwa kisicho na watu. Hakuna mtu mzima. Baada ya muda wanaanza kuuana. Halafu msomaji anakuhubiria: "Unaona? Ondoa askari, ondoa mwalimu, binadamu ni mnyama tu."

Hapana bana. Golding alikuwa mwalimu aliyetoka kupigana Vita vya Pili vya Dunia. Aliandika alichokiogopa, na aliandika vizuri. Lakini hofu ya mtu mmoja si ushahidi.

Mnataka ushahidi? Mwaka 1965 vijana sita wa Tonga walitoroka shule kwa mashua ya watu, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa cha 'Ata. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Waligawana zamu, wakalinda moto usizime, na mmoja alipovunjika mguu wenzake walimfunga vijiti mpaka akapona. Walipookolewa 1966, wote sita walikuwa hai.

Mtasema wale walikuwa marafiki. Sawa. Basi njooni Kwa Vonza.

Hapa ndipo chuo chetu kilipo, SEKU, kwenye ukame wa Kitui, na wanafunzi wanatoka kila kona ya Kenya. Ploti niliyopanga mwaka wa kwanza ilikuwa na vyumba tisa, na hakuna aliyemjua mwenzake. Maji yakapotea karibu wiki mbili. Siku ya tatu mtungi wangu wa lita 20 ukaibwa. Nikamjua aliyechukua, tukashikana mashati. Kwa hivyo sisemi sisi ni malaika.

Aliyetutenganisha ni mama anayeuza muthokoi pale nje. Akatuuliza, "Nyinyi watoto, kwani hamjui mwethya?" Huku Ukambani mwethya ni watu kukusanyika na kufanya kazi pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Ndivyo mabwawa mengi ya mchanga ya Kitui na Makueni yalivyojengwa. Jioni hiyo tukachanga pesa, tukamwita mwenye punda, tukapanga zamu na kipimo cha kila chumba. Daftari tulimpa nani? Yule yule aliyeniibia. Hakuna mtungi uliopotea tena.

"Na 2007 je?" Nimekusikia, na hilo si swali dogo. Zaidi ya watu 1,100 walikufa baada ya uchaguzi ule, na kuna majirani waliogeukiana. Lakini Tume ya Waki ilipochunguza, iligundua kwamba mahali pengi ghasia zilipangwa, wanasiasa na wafanyabiashara wakihusika. Sasa niambie, hicho ni kisiwa kisicho na wakubwa? Wakubwa walikuwepo. Hatukugeuka wanyama kwa sababu tuliachwa peke yetu. Kuna watu walifaidika tulipogeukiana.

Ndiyo maana hii hadithi inanikera. Ukishaamini jirani yako ni mnyama anayengoja nafasi, utamkubali yeyote anayejitokeza na kiboko akisema atakulinda. 2027 si mbali. Watakuja hapa sokoni na magari yao, watatuhesabu kwa makabila, watatuambia nani wa kuogopwa.

Someni Golding, sikatazi. Ila msitupe kitabu chake mkasema ni kioo chetu. Siku mtu akikuambia uogope watu wa chumba cha pili, jiulize kitu kimoja tu: maji yalipoisha, nani alikugawia?