Mganga Aliyesikiliza kwa Vidole

Labda mmekwisha kumwona mtoto wa namna hii. Wenzake wanacheza mpira. Yeye anakimbia hatua chache tu, kisha anachuchumaa kama mtu aotaye moto, mpaka pumzi imrudie. Tazameni ulimi wake na kucha zake: rangi yake ni kama ya wino. Kijijini watu huanza kunong'ona habari za uchawi. Si uchawi hata kidogo. Ni moyo uliozaliwa na kasoro: ukuta wa ndani una tundu, na njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba mno. Basi, damu isiyopata hewa safi inazunguka mwilini mwote.

Aliyewatafutia watoto hao dawa alikuwa mwanamke wa Marekani, jina lake Helen Taussig, aliyezaliwa Cambridge, katika Massachusetts, mwaka wa 1898. Wanafunzi mnaochapwa na somo la kusoma, sikilizeni. Binti huyo, ingawa baba yake alikuwa profesa mashuhuri, alisoma kwa taabu kubwa, maana herufi zilimchanganya. Baba yake alikaa naye kwa subira, neno kwa neno. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu, naye angali na miaka 11.

Alipotaka kuwa mganga, chuo cha Harvard wakati ule hakikuwapa wanawake shahada ya uganga. Alikwenda Baltimore, chuo cha Johns Hopkins, akapata shahada yake mwaka wa 1927. Mwaka wa 1930 alikabidhiwa kliniki ya watoto wenye ugonjwa wa moyo. Wengi wao walikuwa wameharibika moyo kwa homa ya baridi yabisi, ile ianzayo kwa maumivu ya koo. Siku zile penisilini haikuwapo hospitalini. Siku hizi ipo, na bado homa hiyo inaharibu mioyo ya watoto wengi wa Afrika; kwa hiyo, mama, koo la mtoto likiuma pamoja na homa, usingoje lipone lenyewe, mpeleke kwa mganga.

Kisha likampata jambo zito: akaanza kuwa kiziwi. Mganga wa moyo asiyesikia moyo, atafanyaje kazi? Wengine wangaliacha. Yeye alitumia vidole. Aliweka mkono polepole juu ya kifua cha mtoto, akasikia kwa ngozi jinsi damu inavyotetemeka ipitapo mahali pembamba. Aliutazama moyo ukipiga katika mashine ya miale, kwa mbele na kwa ubavu. Tena aliwauliza sana akina mama: mtoto ananyonya namna gani? Anachoka lini? Anachuchumaa? Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake, maana mama huona mambo ambayo mashine haiyaoni.

Ndivyo alivyogundua siri moja. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa unaounganisha njia mbili kubwa za damu, nao hujifunga baada ya kuzaliwa. Taussig aliona kwamba baadhi ya watoto wale walizidi kuwa na rangi mbaya mara mshipa ule ulipofungika. Basi akawaza: kama kufungika kunaua, kwa nini tusitengeneze mshipa mwingine? Alimwendea Robert Gross wa Boston, ambaye mwaka wa 1938 alikuwa amefaulu kuufunga mshipa huo kwa mtoto mwingine. Lakini Gross hakupendezwa na shauri la kuufungua.

Mwaka wa 1941 daktari mpasuaji Alfred Blalock alifika Baltimore pamoja na msaidizi wake Vivien Thomas, mtu mweusi, fundi seremala, aliyetamani uganga lakini akiba yake ya masomo ilipotea benki ilipoanguka. Thomas ndiye aliyejaribu upasuaji huo kwa mbwa wengi sana. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15, mwenye uzito wa kilo 4 tu, akauunga mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu. Thomas alisimama nyuma yake juu ya kibao, akimwelekeza. Mtoto alipona kwa muda, akafa baada ya miezi michache. Lakini mtoto wa tatu, mvulana wa miaka 6, midomo yake ilibadilika rangi palepale mezani. Wazazi wakaanza kuja kutoka nchi za mbali. Katika taarifa ya mwaka wa 1945 jina la Thomas halikuandikwa. Alipewa shahada ya heshima mwaka wa 1976, miaka 31 baadaye. Huo ulikuwa udhalimu, tuuseme wazi.

Taussig hakuwaacha watoto wake baada ya kupasuliwa. Aliandikiana nao barua, akawafuata mpaka wakawa watu wazima wenye kazi na nyumba zao. Mwaka wa 1962 alisafiri mpaka Ujerumani kuchunguza dawa ya thalidomide, iliyowafanya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu, akarudi kuwaonya wenzake Marekani.

Alikufa katika ajali ya motokari tarehe 20 Mei 1986, siku nne kabla ya kutimiza miaka 88. Hata katika uzee ule alikuwa bado akichunguza kasoro za moyo, safari hii katika mioyo ya ndege.