Chui wa Mumbai na Wajibu wa Askari

Mji wa Mumbai, ulio kando ya bahari magharibi ya India, una wakazi zaidi ya milioni 12. Ndani ya mji huo imo Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 100. Hesabu iliyofanywa kwa kamera mwaka 2015 ilionyesha chui 35 hifadhini na kandokando yake. Usiku chui hao hupita nyuma ya nyumba za watu, wakiwinda mbwa koko wanaovutwa na majalala.

Ujirani huo umegharimu maisha. Mwaka 2004 chui waliwaua watu wengi mjini humo. Wakati huo desturi ilikuwa kuwanasa chui na kuwahamishia mbali. Lakini uchunguzi wa Vidya Athreya na wenzake, katika jimbo hilohilo la Maharashtra, ulidhihirisha kuwa mashambulizi yaliongezeka karibu na mahali walipoachiliwa.

Ndipo utaratibu ulipobadilishwa. Tangu mwaka 2011 wenyeji wamefundishwa kuondoa taka na kutowaacha watoto peke yao gizani. Polisi nao walielezwa kwamba, chui aonekanapo mtaani, kazi yao ya kwanza ni kuuzuia umati, kumwachia mnyama njia ya kutokea, na kuwangojea wataalamu. Mashambulizi yalipungua sana, ingawa hayakwisha: mwaka 2022 mtoto mdogo aliuawa katika eneo la Aarey.

Somo hili latuhusu sisi hapa Uganda, ambako vijiji vingi vimepakana na mbuga. Mnyama akiingia kijijini, anayeitwa mara nyingi ni askari aliye karibu. Hukuta watu mamia wamemzingira mnyama, wakipiga kelele na kurusha mawe. Mnyama aliyekosa njia hana budi kushambulia, na risasi inayofyatuliwa katikati ya umati haichagui wa kumpata.

Hatusemi kwamba uhai wa mnyama wautangulia uhai wa mwananchi, la hasha. Twasema kwamba mwananchi hulindwa vema zaidi na askari mtulivu, anayewarudisha watu nyuma, anayewaita maofisa wa wanyamapori upesi, na anayeiweka bunduki kuwa njia ya mwisho. Nidhamu ya namna hiyo ndiyo heshima ya sare yetu.