Kompyuta ya steshenari isafishwe

Na Mwanaidi Kheri

Mwanafunzi anaingia steshenari iliyo jirani na chuo, anamkabidhi kijana wa kaunta flashi yenye tasnifu yake, anaomba nakala tatu, analipa, anaondoka. Jioni anaichomeka flashi ileile kwenye laptop yake. Kila folda ina mshale mdogo pembeni, na tasnifu haionekani. Moyo unamlipuka.

Tasnifu bado ipo. Kirusi cha aina hii huyaficha mafaili halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu akibofya, kirusi huamka kwanza, ndipo folda ifunguke kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanaopoteza kazi zao kabisa mara nyingi ni wale wanaokimbilia kufomati flashi kwa hofu. Antivirasi iliyosasishwa hukiondoa kirusi, kisha mafaili yaliyofichwa hurudishwa kupitia mipangilio ya Windows.

Njia hii ya kuenea ni ya zamani. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain ili kuwabana watu waliokuwa wakinakili programu yao bila kulipa. Ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba za simu. Kilivuka mipaka kwa disketi, mkono kwa mkono, wakati intaneti haijafika majumbani. Leo flashi inaifanya kazi ileile ya disketi.

Kirusi kinachoficha mafaili angalau kinajitangaza. Programu ya kijasusi hukaa kimya. Kompyuta haikwami wala skrini haibadiliki, lakini kila kitufe kinachobonyezwa hurekodiwa na kutumwa kwa mtu asiyejulikana. Hapo ndipo wasiwasi wa safu hii ulipo, kwa kuwa Tanzania steshenari si mahali pa kuprinti tu. Humo vijana hujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya vyuo na ya ajira serikalini. Namba ya NIDA, barua pepe, nywila, tarehe ya kuzaliwa: vyote hupita kwenye kibodi moja inayoguswa na watu wengi kwa siku.

Tamaa ya nywila iliwahi kuitikisa dunia. Mei 4, 2000, barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilianza kusambaa kutoka Manila, Ufilipino. Aliyefungua kiambatisho chake akidhani ni barua ya mapenzi, kompyuta yake iliituma kwa kila mtu aliyekuwamo kwenye orodha yake ya anwani. Miaka 20 baadaye Onel de Guzman alikiri kuwa ndiye aliyekitengeneza kirusi hicho, akitafuta nywila za kuingilia intaneti ambayo hakuwa na uwezo wa kuilipia. Hakufungwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo.

Tanzania haina pengo hilo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kilichobaki ni sheria hizo kufika kaunta ya steshenari.

Uzembe una gharama. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu lililogunduliwa kwenye Windows. Waliolipuuza walikutwa na kirusi cha WannaCry Mei 12 mwaka huohuo: mafaili yalifungwa katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kompyuta yenye Windows ya kuchakachua, iliyozimwa masasisho, imeachwa wazi vivyo hivyo. Na tangu Oktoba 14, 2025, Windows 10 haipati tena huduma ya kawaida ya Microsoft.

Mwenye steshenari atumie Windows halali, aache masasisho yaingie, na aikague kila flashi kabla ya kuifungua. Antivirasi inayokuja na Windows yenyewe haina malipo ya ziada. Mwanafunzi naye ahifadhi tasnifu mahali pawili, na inapowezekana aitume dukani kutoka kwenye simu yake badala ya kubeba flashi. Aliyelazimika kuandika nywila kwenye kompyuta ya duka aibadilishe siku hiyohiyo kwa simu yake mwenyewe, na awashe uthibitisho wa hatua mbili.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iwafuate wenye steshenari na kuwapa mafunzo kabla dirisha lijalo la maombi ya mikopo halijafunguliwa, maana likishafunguliwa foleni itakuwa mlangoni.