Chumba Kikaguliwe Kabla ya Kulipiwa

Kila mwaka, yatangazwapo majina ya vijana waliochaguliwa kuingia Chuo Kikuu, furaha hujaa katika nyumba nyingi za askari wetu hapa Rusizi. Mama huenda soko la Kamembe kununua godoro na sanduku, jamaa huchanga nauli, naye kijana hupanda basi la kuvuka msitu wa Nyungwe kwenda Huye. Lakini swali la mahali atakapolala huachwa hadi siku ya mwisho, kana kwamba ni jambo dogo litakalojimaliza lenyewe.

Hapo zamani lilikuwa dogo kweli. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963 kilikuwa na wanafunzi 51 tu. Leo, baada ya vyuo vya Serikali kuunganishwa mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, hali ni nyingine kabisa. Mabweni ya Huye hayawatoshi wote, na wengi hupanga vyumba Tumba, Cyarwa na Matyazo, vyumba ambavyo wenyewe huviita geto. Wala shida hii si yetu peke yetu. Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wanaojilipia karo katika miaka ya 1990, mtaa wa Kikoni ulijaa hosteli za watu binafsi. Dar es Salaam nako wanafunzi walilizoea neno “kubebana”, maana yake kugawana kitanda cha mmoja, hata Serikali ikafungua mabweni mapya ya wanafunzi 3,840 mwezi Aprili 2017.

Lakini mzazi askari ana shida yake ya pekee. Mkulima wa Bugarama akitaka kumsindikiza mwanawe, huacha jembe siku mbili. Askari haachi lindo. Wengine wako mbali zaidi. Vijana wetu walipelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan Kusini, na tangu Julai 2021, Cabo Delgado. Baba wa namna hiyo hutuma fedha kwa simu, akapokea ujumbe kwamba zimefika, akahesabu kuwa wajibu wake umetimia. Hapo ndipo dalali mdanganyifu anapopata nafasi yake.

Jirani yangu hapa Kamembe, ambaye ni askari, alilipa kodi ya miezi mitatu kwa njia hiyo. Dalali alimpelekea picha za chumba safi chenye dirisha kubwa. Binti aliwasili jioni, mvua ikinyesha, akakuta chumba hicho kina mwenyewe, tena kuna kijana mwingine aliyekuwa amekilipia wiki iliyotangulia, naye ameketi juu ya sanduku lake barazani. Simu ya dalali ilikuwa imezimwa. Binti alilala sebuleni kwa mama mmoja aliyemhurumia, na masomo ya wiki ya kwanza yakampita akitafuta chumba kingine. Mama yule angaliweza kuwa mtu wa namna nyingine, na jirani yangu, aliyezoea hatari za kazi yake, aliniambia kwamba hakupata usingizi usiku ule.

Nashangaa kwamba kosa hili hufanywa na watu wa kazi hii. Hakuna kikosi kinachopiga kambi mahali ambapo hapajapelelezwa. Mkuu hutuma watu kutazama njia ya kuingia na ya kutoka, maji na mteremko wa ardhi. Chumba cha mtoto kinataka macho hayo hayo. Je, njia ya kutoka chuoni ina taa, maana masomo mengine huisha usiku? Mlango una kufuli la nani, na mpangaji aliyetangulia aliondoka na ufunguo? Kompyuta ya mwanafunzi huibwa na mtu mwenye ufunguo kwa urahisi kuliko na mvunja mlango, na polisi wanalijua hilo kuliko mimi. Mita ya umeme ni ya chumba kimoja au ya vyumba sita? Ikiwa ni ya sita, ugomvi wa nani anunue umeme utaanza kabla ya mtihani wa kwanza. Kuhusu kuta, sisi wa Rusizi hatuhitaji kufundishwa. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliwaua zaidi ya watu 30 upande wa Rwanda, wengi wakiangukiwa na majengo.

Asiyeweza kwenda mwenyewe amtume mtu. Askari hakosi mwenzake aliyewahi kukaa naye kikosi kimoja na sasa yuko Huye, na saa moja ya mwenzake huyo yatosha kutazama chumba, kumwona mwenye nyumba uso kwa uso, na kumwuliza mkuu wa mudugudu iwapo nyumba ni yake kweli. Ndipo fedha zilipwe, kwa karatasi yenye sahihi mbili inayotaja kodi, muda, na nani hulipa maji na mchango wa irondo. Lakini mwenzake huyo aende kwa nguo za kiraia. Nimepata kusikia mzazi akijisifu kwamba alimpunguzia mwenye nyumba kodi kwa kumtokea na sare. Hayo si mapatano, na mwanawe ndiye aliyebaki pale kuishi na mtu mwenye kinyongo.

Chuo nacho kina sehemu yake. Kwa maoni yangu, nafasi za mabweni zingetolewa kwanza kwa wa mwaka wa kwanza watokao mbali, na orodha ya nyumba zilizokaguliwa ingebandikwa kabla ya mwezi wa kuripoti. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaijua Tumba kama kiganja chake. Wa kwanza haijui, na buruse yake ikichelewa, kodi haichelewi.

Binti wa jirani yangu hatimaye alipata chumba Cyarwa pamoja na mwenzake wa Nyamasheke. Shauri la dalali lilipelekwa polisi. Baba yake, alipopata likizo, alipanda basi la alfajiri, akaenda na kufuli jipya mfukoni.